Kikundi Chetu cha Kupunguza Uzito Kinanenepa, na Sasa Zamu Ni Yangu

Lubumbashi, tarehe 14 Juni 2025
Miaka minne na miezi miwili tangu nitoke kwangu Pweto

Mama Madeleine,

Naomba unijibu gazetini mapema, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wagonjwa tisa wa unene wanakuja kula kwangu, na mimi ndiye mgonjwa wa kumi, na chumba changu kina kiti kimoja.

Nianze mwanzo ili usidhani kichwa changu kimeharibika. Jina langu ni Kapya, shule niliacha mwaka wa tano wa primeri, nikaja huku kutafuta kazi ya miezi michache tu ili nirudi na mabati ya nyumba, na kazi niliyopata ni ya mabega, kubeba mifuko katika depo moja ya unga wa mahindi, malori yanafika kutoka Kasumbalesa yamejaa mpaka juu na sisi tunayashusha mfuko kwa mfuko, na mtu anayeshusha lori hali kidogo kama karani, anakula bukari, yaani ugali, ya ukubwa wa kichwa chake, kisha anakula nyingine, na hakuna anayemshangaa. Halafu goti langu la kulia likakataa kazi. Patron si mtu mbaya, hakunifukuza, aliniweka kwenye geti niwe nafungua na kufunga, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwili ulikaa kwenye kiti lakini mkono haukupata habari, uliendelea kupeleka mdomoni bukari ya mbeba mifuko.

Siku moja wenzangu wakanipandisha kwenye mizani ya depo. Chisanga, ambaye tulianza kazi pamoja, akatazama sindano na kuita kwa ile sauti yake ya kuhesabia mzigo, "Mifuko ine na kipande kikubwa. Muandike." Mfuko wetu ni wa kilo ishirini na tano, Mama, piga hesabu mwenyewe. Walicheka mpaka dereva wa lori akateremka kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, kisha nikarudi kwenye kiti changu na kiti kikalia.

Wao walicheka, lakini goti halicheki. Nyumba ninayopanga hapa Hewa Bora ina choo cha kuchuchumaa, na mimi nikichuchumaa siinuki, kwa hiyo nimefunga kamba kwenye nguzo ya mlango, naishika na kujivuta kama ndoo ya kisima, na mwenye nyumba ameniuliza mara mbili kama nafuga mbuzi mle ndani. Ninakuandikia hata hilo kwa sababu ulisema katika gazeti kwamba anayekuficha nusu anajibiwa nusu.

Mke wangu anaitwa Ngosa, yuko Pweto na watoto, analima peke yake tangu nilipoondoka. Mwaka jana mtu wa kwetu alinipiga picha kwa simu mbele ya kanisa akaipeleka huko. Mama mkwe aliifurahia sana, akaionyesha kwa majirani, akasema mkwe wake amefaulu, tazameni shingo. Lakini Ngosa hakutazama shingo, alitazama mkono wangu, akaona nimeshika mgongo wa benchi ili nisimame. Akanipigia simu na kuniambia, "Baba Chanda, miye sitaki mugeni wa kulisha. Shamba iko inangojea muntu wa kuinama. Siku utaweza kuinama na kuinuka, ukuye." Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yale yaliniingia.

Basi nikaenda kituo cha afya cha mtaa wa jirani. Pale kuna kijana mmoja, Dokta Guelor, wagonjwa wa unene ni wengi na yeye ni mmoja, kwa hiyo hawezi kutuona mmoja mmoja, anatuita kumi kwa pamoja kila Alhamisi asubuhi. Muuguzi anatupima uzito na presha, tunapanga viti kwa duara katika ukumbi wa kituo, na dokta anazungumza na kila mtu mbele ya wengine, sukari yako, miguu yako, usingizi wako, na wote wanasikia. Siku ya kwanza nilitaka kukimbia, lakini kwa goti lile ningekimbilia wapi. Kisha Mama Hortense, mfanyabiashara wa vitenge, wazazi wake walitoka Kasai, mama mkubwa wa heshima, akauliza bila kushusha sauti afanye nini na mapaja yanayochubuana akitembea, na dokta akauliza nani mwingine ana shida hiyo, na mikono tisa ikapanda. Tangu siku ile sikuona aibu tena. Papa Adalbert, mwalimu aliyestaafu, ambaye wakati ule alisema yeye anakula kama ndege, alijitetea hivi:

"Dokta, asubuhi nakunywa paka chai, chai tu."

"Chai iko maji tu, Papa. Sukari je?"

"Kidogo. Kijiko tano."

"Basi Papa hakunywe chai. Papa iko anakula, anatumia kikombe."

Tulicheka na yeye akacheka, na wiki iliyofuata vijiko vilikuwa viwili. Mwezi wa kwanza wote tulipungua, Mama, mimi kilo mbili nzima, na nikaanza kuamini.

Halafu dokta akapata wazo. Akasema kutoka Alhamisi moja mpaka nyingine ni mbali, mtu akiwa peke yake nyumbani anashindwa, kwa hiyo tutembeleane, kila Jumamosi kikundi chote kiende kwa mmoja, tuone jiko lake, tumtie nguvu. Ni wazo zuri. Lakini Dokta Guelor hana mke, amekulia Kinshasa katika vitabu, na yeye akitembelea mgonjwa anasimama mlangoni dakika tano na kukataa hata maji, basi akadhani watu wote hutembeleana hivyo.

Tulianza kwa Mama Hortense. Tulipofika meza ilikuwa imefunikwa. Kuku, samaki wa thomson wa kukaanga, sombe, yale majani ya mihogo, inayoogelea katika mafuta ya mawese, na bukari mbili kubwa moja kila upande. Papa Adalbert alikohoa, akamkumbusha maneno ya dokta. Mama Hortense akamjibu:

"Dokta alisema mukuye. Hakusema mukuye mutoke midomo mikavu. Bantu tisa banafika kwangu, banarudi na njala, kesho nitapita wapi mu kartie, mu mutaa hii?"

"Tutakula kidogo, kwa heshima," Papa Adalbert akasema.

Tulikula kwa heshima mpaka mifupa. Wiki iliyofuata tulikuwa kwa Papa Adalbert, na mke wake, ambaye si mgonjwa wala hayumo katika kikundi, alikuwa amekwisha kusikia habari za kuku wa Mama Hortense, akachinja mbuzi. Baada ya mbuzi hakuna aliyeweza kurudi kwenye samaki. Tumepita nyumba saba sasa na kila nyumba inataka kuishinda iliyotangulia, na tunapoondoka tunapeana mikono na kutiana nguvu.

Alhamisi mizani inasema ukweli wote. Juzi muuguzi aliandika uzito wa watu kumi, na kumi wote tumepanda. Dokta alitazama karatasi, akatutazama, alikuwa na huzuni kweli, akasema, "Naona hamutiane nguvu ya kutosha. Tuongeze. Mutembeleane mara mbili kwa wiki." Sote kumi tulitazama sakafu. Hakuna aliyefungua mdomo, midomo ile ile iliyokuwa wazi Jumamosi. Halafu akatuambia jambo lingine, kwamba mkubwa wa kituo anauhitaji ukumbi kwa kazi nyingine, na kama mwisho wa Agosti kikundi hakijapungua, kitafungwa. Aliposema hivyo nilihisi goti langu kabla ya kuhisi kichwa. Bila zile Alhamisi mimi peke yangu sitaweza, nilijaribu mwaka mzima nikaongezeka.

Na sasa zamu ni yangu, tarehe 28. Nimefikiri kila njia. Nikipika kama wengine, nakopa kwa patron, kikundi kinapanda tena, na ukumbi unakwenda. Nisipopika, nitaitwa mtu wa Pweto aliyekula kwa watu na kufunga mlango wake, na hawa ndio ndugu nilio nao mjini, nilipolala na malaria ni Mama Hortense aliyekuja na uji akaniosha uso kama mtoto. Nikimwambia dokta kwa siri, nawauza. Nilifikiri pia niseme mjomba wangu amekufa Pweto, nisionekane siku hiyo, lakini Chisanga akaniambia, "Weye iko na akili? Ukisema iko kilio, batakuya bote kulala kwako, na utabalisha siku tatu."

Nishauri, Mama. Ngosa ananiuliza kila Jumapili nitarudi lini, na mimi ninamjibu "karibuni", na neno hilo limechakaa mpaka watoto wanalisema kabla yangu.

Kapya, wa kwenye geti
Hewa Bora

*

Papa Kapya,

Nilicheka barua yako mpaka mwanangu akatoka chumbani, na nilipofika kwenye kamba nikaacha. Mtu anayejivuta kwa kamba ili atoke chooni hana wakati wa kupoteza, kwa hiyo sitakubembeleza sana.

Kwanza upokee hili. Umekula nyumba saba. Umekula kuku wa Mama Hortense, umekula mbuzi wa watu, na katika nyumba zote saba hukukumbuka kuandika barua kwa Mama Madeleine. Umekumbuka kikundi kinanenepa siku ulipoona zamu imefika kwako. Sisemi u mchoyo, lakini wenzako wana haki ya kusema, na wewe ungesema hivyo hivyo kama angekuwa Papa Adalbert aliyegundua afya baada ya kushiba kwa watu. Kwa hiyo zamu yako utaitimiza. Tarehe 28 watu hao watakaribishwa, watanawa mikono, na watakula. Hilo tumelimaliza.

Habari ya mjomba wa kufa, ninamshukuru Chisanga, amenipunguzia kazi. Usimzike mtu mzima ili uokoe unga.

Sasa tumtazame dokta. Unamwona kama mwenye kosa, na kweli aliandika dawa bila kuuliza inanywewa namna gani katika mji huu. Lakini alikuwa mmoja aliyekosea bila kujua, na ninyi mlikuwa kumi mnaojua. Kijana wa watu alikaa na karatasi yake akidhani hamtiani nguvu, wakati nguvu mlizotiana zilikuwa za kutosha kulima hekta. Mlimwacha aongeze mara mbili. Mwanangu angefanya hivyo na mwalimu wake ningemwita anisimulie tena huku amesimama.

Lakini usimwendee kwa siri. Hapo una haki, mtu hawezi kula na watu kisha akawasema nyuma ya mlango. Utafanya hivi. Alhamisi ijayo, mkiwa kwenye duara na wote wanasikia, zamu yako ya kuzungumza ikifika, mwalike. Useme tu, Dokta, tarehe 28 kikundi kiko kwangu, na wewe uje. Usiongeze neno. Mama Hortense atakukanyaga mguu, vumilia. Mgeni akialikwa mbele ya watu, hakuna aliyemchongea mwenzake, na macho ya dokta yataona yenyewe kile ambacho midomo yenu imeshindwa kusema.

Chakula. Ninakuuliza, chumbani kwako una sufuria ngapi? Ninajua jibu, ni chumba cha mwanaume mmoja, una moja, na haina mfuniko wake. Basi pika katika hiyo hiyo. Usiazime ya jirani. Lenga-lenga, mchicha wetu wa kila siku, samaki kidogo, bukari ndogo kwa kila mtu, mafuta ya kijiko na si ya kikombe. Na usijisumbue kupika, maana mke wako yuko mbali, wanawake wakifika tu watakunyang'anya mwiko, hawawezi kumtazama mwanaume akisonga bukari vibaya. Waache. Chakula walichopika wao wenyewe katika sufuria yako hawataweza kukilaumu. Na kwa kuwa una kiti kimoja, mpe dokta, na nyinyi wengine, badala ya kugombea ukuta wa kuegemea, nendeni sokoni kwa miguu kununua hiyo lenga-lenga na mrudi kwa miguu. Umaskini wako siku hiyo ni dawa, usiufiche kwa mkopo.

Kisha kabla ya kula, simama. Waambie, nimekula kwenu kwa mikono miwili, ninashukuru, na nimeongezeka. Mke wangu ananingoja niiname. Waambie habari ya kamba. Najua ni aibu, lakini Mama Hortense alianza na mapaja yake na mkapona aibu nyote, kwa hiyo umeshaona njia inavyofanya kazi. Hawa si wageni wa kuwaringia. Wanajua mapaja yako.

Goti na presha si kazi yangu, hayo muulize dokta, na usiache kabisa kula kwa sababu ya hofu, mtu aliyejinyima asubuhi hula meza jioni. Na hakuna anayekudai uwe mwembamba. Ngosa hakusema uje mwembamba, soma tena maneno yake. Alisema kuinama na kuinuka.

Mwisho, hilo "karibuni" lako. Litupe. Mwanamke amelima misimu minne peke yake, anastahili mwezi wenye jina. Njia ya Pweto unaijua kuliko mimi, mvua ikishika magari yanalala katika matope, na mahindi hayangoji mtu aliyelala katika matope. Hesabu kutoka hapo kurudi nyuma, upate mwezi wako, umwambie Jumapili hii. Sio siku utakapopungua. Siku utakapoinuka bila kamba.

Uniandikie.

Mama Madeleine

*

Lubumbashi, tarehe 6 Septemba 2025
Miaka minne na miezi mitano

Mama Madeleine,

Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza mizani ya mwisho wa Agosti iseme.

Nilimwalika dokta kama ulivyoniambia. Mama Hortense hakunikanyaga, alinifinya, akaninong'oneza, "Papa Kapya, unatuuza mchana." Nilivumilia. Siku yenyewe dokta alifika wa kwanza, nikampa kiti, sisi tukaenda sokoni na kurudi, Papa Adalbert akapumzika mara tatu akisema anatazama bei. Tuliporudi Mama Hortense akaitazama sufuria yangu, akaigeuza, akasema, "Hii banapikia mutoto." Kisha akafunua kitenge alichokiacha kwenye kona, na chini ya kitenge kulikuwa na sufuria nyingine, moto, yenye kuku. Alikuwa ameibeba kutoka kwake, kwa sababu hakuamini mwanaume asiye na bibi nyumbani ataweza kupokea dokta. Na mke wa Papa Adalbert alikuwa amemtuma mumewe na kitu katika mfuko, sitasema nini, kilikuwa mbuzi.

Basi dokta akapakuliwa. Alikula, wakamwongeza. Alisema inatosha, Mama Hortense akamuuliza, "Dokta, unatukataa?" na akaongezwa. Alipofika paja la pili alifungua tundu moja la mkanda, akaweka mkono juu ya sahani, akauliza polepole, "Kila Jumamosi iko hivi?"

Papa Adalbert ndiye aliyejibu, alikuwa mwalimu, hawezi kuacha swali hewani. Akasema, "Leo iko kidogo, Dokta. Leo ni ya kumuhurumia muntu hana bibi."

Dokta akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika, tukaogopa tumemliza, kumbe anacheka. "Na miye niliwaandikia mara mbili," akasema.

Hapo ndipo niliposimama, nilichelewa, ulisema kabla ya kula, lakini nilisimama. Nikawaambia nimekula kwao na nimeshukuru, na habari ya Ngosa, na ya kamba. Nilipotaja kamba hawakucheka. Mama wa pembeni ambaye huwa hasemi akasema yeye ana kiti kirefu chooni kilichotobolewa na mumewe. Papa Adalbert akasema yeye humwita mjukuu amshike mkono. Kisha Mama Hortense akaichukua sufuria yangu ndogo, akaitazama tena, lakini safari hii si kwa dharau, akasema:

"Nani atanilaumu kama si mimi niliyechagua sufuria? Itakuya kwangu Jumamosi. Halafu kwa Papa Adalbert, na bibi yake apikie mule mule, tuone mbuzi ataingia wapi."

Na dokta akaiandika kwa karatasi yake ya dawa, na muhuri, kwamba kikundi kinapika katika sufuria ya Papa Kapya na si nyingine, mara moja kwa wiki, kwenda na kurudi kwa miguu. Tangu hapo ni sufuria yangu inayotembelea watu. Mke wa Papa Adalbert alipopewa ile karatasi aliisoma mara mbili akitafuta mahali pa kupitisha mguu wa mbuzi, hakupata.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti tulipimwa. Kumi, tisa tumepungua. Papa Adalbert alipanda kilo moja, alikuwa na harusi ya binti yake, tukamsamehe kwa sababu na sisi tulialikwa. Ukumbi tumebaki nao. Mkubwa wa kituo alikuja kututazama, Mama Hortense akamwalika Jumamosi, akakubali, hajui kilichomo ndani ya sufuria ni kidogo namna gani.

Kwenye depo nilipanda mizani mwenyewe bila kusukumwa. Chisanga akaita, "Mifuko ine na kipande kidogo. Mwenye mali anaiba unga wake mwenyewe." Goti bado linasema usiku wa baridi, lakini dokta amenifundisha mazoezi ya kulikunja nikiwa nimeshika meza, na wiki hii nimeyafanya bila meza.

Sufuria ninawaachia. Mama Hortense alitaka kunilipa nikakataa, akasema basi atanitumia kitenge cha Ngosa, hilo sikukataa.

Mwezi nilimwambia Ngosa Jumapili ile ile gazeti lilipotoka, akaniuliza kama ni mimi kweli ninayesema. Nitafika Pweto wiki ya mwisho ya Oktoba, kabla ya mvua kushika njia, mabati ya nyumba nimeshayanunua na lori nimeshalipata, dereva ni yule aliyeteremka kuuliza kwa nini tunacheka. Kamba ya chooni nimeifungua. Nitafungia nayo mzigo wangu juu ya mabati.

Kapya